Deni la Marehemu na Fedha Isiyokuwa Yake

Katika maziko ya Waislamu wa Unguja, na Jambiani haimo nje ya ada hiyo, kuna tamko lisilokosekana ila kwa nadra. Maiti akiwa amekwisha kusaliwa, au kaburi likiwa limekwisha kufukiwa, husimama mmoja wa jamaa wa karibu, aghalabu mwana mkubwa au ndugu wa marehemu, akawaarifu waliohudhuria kwamba ye yote aliyekuwa na haki yake kwa marehemu asione haya, awaendee wenye msiba akaieleze, na awezaye kusamehe asamehe. Maneno hayo ni machache, lakini yamebeba mlango mzima wa sheria ya mirathi, maana huutangazia umma kwamba mali ya aliyefariki haijawa bado ya warithi wake, na kwamba wenye madai hutangulia wenye urithi. Muuza duka huyasikia, mvuvi aliyeshirikiana naye ngalawa huyasikia, na jirani aliyemkopesha saruji huyasikia. Walakini zama zetu zimemleta mdai mmoja asiyehudhuria maziko wala kusimama safuni kwenye sala ya jeneza, naye ni ofisi ilipayo pensheni. Mdai huyu hujua kwa waraka tu, na waraka usipomfikia huendelea kumlipa maiti kama amlipavyo aliye hai, hata siku moja akatanabahi na kuandika barua ya kutaka arejeshewe kilichozidi.

Barua ya namna hiyo ikiingia katika nyumba yenye msiba hufanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Kwanza hutia khofu, kwa kuwa ina muhuri wa serikali na tarakimu za fedha. Na pili hutia fitina, kwa kuwa kila mrithi humtazama mwenziwe akidhani ndiye aliyekula. Wengine hukimbilia kulipa bila ya kuuliza, na wengine huitia barua mtungini wakitaraji kwamba itasahauliwa. Njia zote mbili ni za khasara. Makala haya yana shabaha ya kueleza, kwa lugha ya kila siku, ni deni gani hasa limfuatalo marehemu, ni lipi lisilomhusu, nani alipe, na kutoka mfuko upi.

Yafaa kwanza tutazame fedha zenyewe zatoka wapi. Kwa muda mrefu pensheni katika visiwa vyetu ilikuwa ni jambo la watu wa kazi za serikali: mwalimu wa skuli, karani, askari na mganga. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ujulikanao kwa herufi zake ZSSF, uliundwa kwa sheria ya 1998, nao huwahusu walioajiriwa wakachangia. Mkulima, mvuvi na mama msuka kamba za usumba walizeeka bila ya kuandikwa katika daftari lo lote la malipo. Hali hiyo iligeuka mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza kutoa Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, kwa fedha ya serikali yenyewe, bila ya kumwuliza mzee kama alipata kuajiriwa au hakupata. Kiwango cha mwanzo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha kikapandishwa hadi 50,000. Majirani nao wana mipango yao: Kenya ina Inua Jamii, imlipayo mzee wa miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na Uganda ina ruzuku ya wazee waliofikia miaka 80. Neema hii ya kuingiza katika daftari wazee ambao daftari halikuwajua ilileta pamoja nayo mas'ala ambayo babu zetu hawakuyahitaji: jina liingialo katika daftari sharti siku moja litolewe, na lisipotolewa kwa wakati wake, fedha humwagika.

Jambiani inatuonyesha vizuri jinsi jina linavyobaki daftarini baada ya mwenyewe kwenda zake. Mji huu umelala kwa urefu ukingoni mwa bahari ya mashariki, baina ya Paje na Makunduchi, umegawanyika katika shehia za Kibigija na Kikadini, na khabari ya msiba huuzunguka kabla jua halijapanda. Maji yakiwa yamekupwa, wanawake walioko mashambani mwao mwa mwani hupashana khabari hiyo hata kabla ya kurudi pwani. Maiti huzikwa siku ile ile, kama ilivyo sunna, na mara nyingi sheha mwenyewe huwa miongoni mwa waliochukua jeneza. Kwa hiyo mji wote wajua, na kiongozi wa shehia ajua. Lakini kujua kwa watu si kujua kwa daftari. Mzee aliyefia nyumbani, si hospitali, huweza kuzikwa kwa taadhima zote na cheti chake cha kifo kisitafutwe mpaka warithi watakapokihitaji kwa shauri la kiwanja. Mjane huingia edani kwa miezi minne na siku kumi, naye ndiye aghalabu ajuaye kadi ya marehemu iko sanduku gani. Jina la mzee mtaani ni moja na jina lililo kwenye kitambulisho ni jingine, hata karani akiulizwa ofisini kama fulani amefariki hushindwa kumwona. Na kadi yenyewe, pamoja na namba ya siri, huwa mikononi mwa kijana aliyezoea kumpokelea babu yake kwa kuwa miguu ya babu ilikuwa imechoka. Katika hayo yote hapana mwizi. Pana uzembe mdogo mdogo uliokusanyika, na kila mwezi upitao hugeuza uzembe huo kuwa dhima.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Malipo yaliyozidi ni ya namna mbili, na anayezichanganya hawezi kufika popote kwa insafu. Namna ya kwanza ni ziada aliyolipwa mtu akiwa hai: hesabu ilikosewa, au alitakiwa kuarifu jambo fulani hakuliarifu, akawa anapokea zaidi ya haki yake. Ziada hii, ikithibiti, ni deni la marehemu mwenyewe, nalo hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, ambayo wanavyuoni huiita tarika. Namna ya pili ni fedha iliyolipwa baada ya roho kutoka. Hii marehemu hakuipokea, hakuitumia, wala haikupata kuwa milki yake hata kwa saa moja, kwa sababu haki ya pensheni humalizika kwa mauti. Basi haiwi tarika ya kurithiwa, wala haiwi deni lake. Ni amana ya watu iliyoangukia mkononi mwa aliyeichukua, na yule aliyeichukua, awe mrithi au asiwe, ndiye mwenye dhima ya kuirejesha. Yule wa kwanza hudaiwa kaburini. Yule wa pili hudaiwa akiwa anatembea barabarani.

Tofauti hii si ya vitabuni tu, nayo huonekana wazi tukiitia katika hesabu. Tuchukue mfano, usiokuwa wa mtu maalumu, wa mwalimu mstaafu wa Kikadini aliyefariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Alikuwa akipokea pensheni ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Siku ya kufa kwake katika benki mna 1,900,000, na ngalawa yake ikauzwa kwa 700,000, jumla 2,600,000. Maziko yaligharimu 200,000, na dukani alidaiwa 150,000. Baada ya miezi mitano ikaja barua yenye madai mawili: kwanza, kwamba kwa miezi 24 ya mwisho wa uhai wake pensheni ilihesabiwa kwa ziada ya 15,000 kila mwezi, nayo ni 360,000, na pili, kwamba baada ya kifo ziliingia pensheni za miezi mitatu, nazo ni 600,000. Jumla iliyoandikwa chini ya barua kwa wino mzito ni 960,000, na hiyo ndiyo tarakimu iliyowapandisha watu presha.

Wenye nyumba hii, badala ya kugombana, wakaiomba benki taarifa ya akaunti, wakaiweka sambamba na barua na cheti cha kifo. Wakaona mambo mawili. Katika ile miezi 24, miezi miwili hapana ziada iliyoingia, kwa hiyo madai sahihi ni ya miezi 22, yaani 330,000. Na zile 600,000 zilitolewa zote kwa mashine ya benki, kwa namba ya siri iliyokuwa ikijulikana na mjukuu mmoja. Basi hesabu ya tarika ikawa hivi: 2,600,000 ikatolewa maziko 200,000, ikatolewa deni la duka 150,000, ikatolewa deni la ziada 330,000, ikabaki 1,920,000. Mke akapata thumni yake, 240,000. Iliyobaki ikagawanywa kwa mafungu saba, kila mwana wa kiume mafungu mawili na kila binti fungu moja, ikawa 480,000 kwa kila mwana na 240,000 kwa kila binti. Zile 600,000 hazikuguswa katika hesabu hiyo kabisa. Mjukuu na baba yake wakaandikiana na ofisi namna ya kuzirejesha kidogo kidogo.

Tuone ingalikuwaje kama 600,000 zingalikatwa katika tarika, kama ilivyo ada ya wasiotaka maneno mengi. Mjane angalipoteza 75,000, kila binti 75,000 na kila mwana 150,000, ili kumlipia kijana ambaye, kwa kuwa baba yake na ami yake wako hai, hakuwa hata mrithi. Mjane aliye edani, asiyetoka nje, angalilipa kwa fedha asiyoiona kosa asilolitenda. Hiyo ndiyo dhulma ijayo kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyeikusudia.

Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo ihukumuyo mirathi ya walio wengi visiwani, imeliweka jambo hili katika mpango ulio bayana. Qurani, katika Suratun-Nisaa, inapotaja mafungu ya warithi hurudia mara kwa mara kwamba mgao huja baada ya wasia na deni. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na walio wengi katika pwani yetu, wameupanga utaratibu wake: hutangulia haki iliyofungamana na kitu chenyewe, kama vile mali iliyowekwa rehani, kisha maziko kwa kadiri ya wastani, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na mwisho kabisa ndipo mirathi. Katika hadithi zilizo mashuhuri imepokewa kwamba Mtume alipoletewa jeneza aliuliza kama maiti ana deni, na kwamba safari moja hakutaka kumsalia mwenye deni la dinari mbili mpaka sahaba Abu Qatada alipolichukua deni hilo juu yake. Wasomaji wengi huichukua hadithi hii kuwa ni onyo juu ya uzito wa deni, na ndivyo ilivyo. Lakini ina upande wa pili usiotajwa sana. Abu Qatada alijitolea, hakuna aliyemlazimisha. Deni la maiti huihukumu mali ya maiti, na mali ikiisha, mrithi hatakiwi kisheria kuuza jembe lake ili kulilipa. Akilipa, hiyo ni ihsani yake, na ujira wake uko kwa Mola.

Kanuni ya kwamba kilicholipwa kwa makosa hurejeshwa haikuletwa na dini peke yake. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, iliyochukua asili yake katika sheria ya India ya 1872, ina kifungu cha 72 kisemacho kwa maana hiyo hiyo kwamba aliyepewa fedha kwa makosa yampasa airudishe. Kwa hiyo mrithi asidhani kuwa kosa la karani humhalalishia ziada. Kosa la karani humpa haki ya kuuliza, ya kuhakiki na ya kuomba muda, halimpi milki.

Hapa ndipo tunapolikuta jambo linalogusa ada zetu kwa karibu, nalo ni karamu za msiba. Mtu akiulizwa fedha ile ya miezi mitatu ilikwenda wapi, mara nyingi hujibu, tena kwa moyo safi, kwamba ilinunua mchele na ng'ombe wa hitma. Lakini maziko yatanguliayo deni ni kuosha, sanda, kaburi na yale yasiyokuwa na budi; pilau ya arubaini haimo. Wanavyuoni wa Shafi wamekemea kulisha watu kwa mali ya maiti mwenye deni, au mwenye warithi wasiobaleghe, maana hapo mpishi hupika haki ya mdai na ya yatima katika sufuria moja. Atakaye kumsomea mzazi wake hitma na atoe mfukoni mwake. Dua haitapungua kwa kuwa sahani zilikuwa chache. Na aliyekwisha kuitumia fedha ya pensheni kwa hitma hasamehewi kwa ajili ya nia njema, ijapokuwa nia hiyo huweza kumfaa anapoiomba ofisi impe nafasi ya kulipa kwa mafungu.

Sasa barua imefika; lifanywe nini? Jambo la kwanza ni kuisoma yote, si tarakimu ya chini peke yake. Barua iliyokamilika hutaja jina na namba ya marehemu, aina ya malipo, tarehe ya kuanza na ya kumalizika kwa ziada, sababu ya ziada, na hesabu mwezi kwa mwezi. Ikikosa kimoja katika hivyo, haki ya warithi ni kukitaka. Jambo la pili ni kujibu kwa maandishi kwamba barua imepokewa na madai yanachunguzwa, bila ya kukiri wala kukanusha. Kukiri kabla ya kuhakiki ni kuwatolea warithi wenzako fedha bila ya idhini yao, na kunyamaza ni kumwachia mdai aseme peke yake. Jibu hilo liandikwe na mmoja kwa niaba ya wote, yaani msimamizi wa mirathi aliyekubaliwa kisheria, si kila mrithi na kalamu yake. Jambo la tatu ni kukusanya ithibati: cheti cha kifo, barua ya sheha, kadi ya pensheni, na taarifa ya benki tangu mwanzo wa muda unaodaiwa. Jambo la nne, nalo ndilo zito, ni kusimamisha mgao, au angaa kuweka kando kiasi kinachodaiwa mpaka ukweli udhihiri. Msimamizi aliyejua kuwa pana madai akagawa tarika yote, huenda akajikuta yeye mwenyewe akiulizwa, na kuwafuata dada zake walioolewa Makunduchi na Bwejuu ili kila mmoja arudishe alichopewa ni kazi ichoshayo na kuvunja udugu.

Katika mfano wetu, mgao ungalifanywa kabla ya barua, kila binti angalipata 281,250, kisha akatakiwa arejeshe 41,250. Kiasi hicho si kikubwa, lakini huenda kimekwisha kununua mbao za mlango, na mlango haurudishwi seremalani.

Mashauri ya mirathi yenyewe yana pahali pake. Mahakama ya Kadhi, ambayo sheria yake ya sasa ni ya 2017, husikiliza mirathi ya Waislamu. Na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo asili yake ni ya zama za Sultani, 1905, na sheria yake ya sasa ni ya 2007, ndiyo ishughulikayo na amana na mgao wa mali za waliofariki. Upande wa daftari, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya 2018, ndio utoao cheti cha kifo. Mwenye msiba wa Jambiani huanzia kwa sheha wake, kwa sababu karatasi ya sheha ndiyo ufunguo wa milango mingine yote. Na pensheni ya mwezi ambao mzee aliuishi lakini akafa kabla ya kuipokea isiachwe pia: iulizwe ofisini, kwa kuwa kama aliistahiki ni haki yake, na haki ya marehemu huingia katika tarika kama vile deni lake litokavyo humo.

Kuna nyumba nyingi za Unguja zenye jamaa Uingereza, na huko barua hizi huja kwa namna yake. Mzee anayepokea nyongeza ya pensheni ipimwayo kwa kipato hutakiwa kutaja akiba yake. Akiba ikizidi pauni 10,000, nyongeza hupunguzwa. Akifa, warithi huiomba mahakama hati ya kusimamia mirathi, thamani ya mali hutajwa humo, na idara ya serikali ikaona kwamba mzee aliyesema hana kitu ameacha akiba nene. Hapo humwandikia msimamizi. Sheria ya huko ya 1992, katika kifungu chake cha 71, huiruhusu idara kudai pale ambapo mtu alieleza jambo lisilokuwa la kweli au aliacha kueleza lililompasa, na dai hilo huweza kuielekea mali ya maiti. Warithi wana haki ya kutaka uamuzi utazamwe upya, wasiporidhika wakakata rufaa, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa kawaida mwezi mmoja. Kwa hiyo barua isingoje mpaka ndugu wa Jambiani na wa London wapatane kwa simu. Tena akiba ya mzee wa Kizanzibari si yake yote siku zote: huenda ni michango ya chama cha kuzikana iliyowekwa kwa jina lake, au fedha ya ndugu iliyotumwa kwa ajili ya kujenga. Ithibati ya mambo hayo, kama vile daftari la chama na majina ya waliochanga, huweza kugeuza hesabu yote. Wahenga wa hapa walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Nasi twaweza kuongeza kwamba mali ya wengine bila daftari huhesabiwa kuwa yako.

Mtu asidhani kwamba udhaifu huu wa madaftari ni wa nchi masikini. Mwezi wa Julai 2010 maofisa wa mtaa wa Adachi, Tokyo, walikwenda kumpongeza Bwana Sogen Kato, aliyehesabiwa kuwa na miaka 111 na kuwa mwanamume mkongwe kupita wote wa mji ule. Akaja akakutwa kitandani akiwa maiti iliyokauka. Alikwisha kufa tangu miaka ya 1970, na pensheni ilikuwa ikiingia katika akaunti yake kwa mamilioni ya yen. Jamaa zake wawili wakatiwa hatiani. Serikali ya Japani ilipochunguza madaftari yake ya jamaa ikakuta majina zaidi ya 230,000 ya watu waliopita umri wa miaka 100 ambao makazi yao hayajulikani. Hapo palikuwa na udanganyifu wa makusudi ndani ya nyumba moja, lakini palikuwa pia na taksiri ya daftari lisilokwenda kubisha hodi.

Kwa sababu hiyo si haki kuwatupia wenye msiba lawama yote. Ofisi ilipayo ina wajibu wake wa kuhakiki kwa wakati, na maarifa inayoyahitaji yako karibu mno. Sheha hushika orodha ya watu wake. Akizika leo, hakuna sababu kubwa ya jina lile kubaki katika orodha ya malipo mwezi ujao, ila kwamba karatasi ya maziko na karatasi ya malipo hazijafunzwa kusomana. Kila mwezi unaopotea baina ya karatasi hizo mbili huzaa dai, na dai dogo la mwanzo ni jepesi kulipwa kuliko dai la mwaka mzima linaloletwa kwa mjane. Ofisi inayochelewa miaka miwili kugundua kosa lake yafaa nayo iwe na subira ya miaka miwili katika kulipwa.

Upande wetu sisi, lililo sahali kuliko yote ni la kufanywa wakati wa uhai. Mzee anayepokea pensheni na aandike, au amwandikishe mwanawe, katika daftari dogo la skuli: anapokea nini, kutoka ofisi ipi, kwa namba gani, nani humpokelea, na nani anamdai. Wasia si wa kugawa theluthi tu. Kuorodhesha madeni ni sehemu ya wasia, na kwa mwenye dhima ni wajibu. Na siku ya msiba, jamaa wanapogawana kazi, huyu achimbishe kaburi, yule anunue sanda, na mwingine ahudumie wageni watokao Mjini, apatikane mmoja apewe kazi ya kuichukua kadi ya pensheni, kuipeleka kwa sheha pamoja na khabari ya kifo, na kurudi na karatasi yenye tarehe na sahihi. Mwenye karatasi hiyo, dai likija la miezi iliyofuata tarehe ile, ataijibu ofisi kwa mstari mmoja, na warithi watagawana kilicho chao bila ya mtu kumshuku mwenziwe.